Tusiishie Kumbeba Mtu, Tuondoe Kizingiti

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa watu wanaojitolea katika mitaa ya miji. Wengi mliniambia hamkuweza kufika, kwa hiyo naiweka hapa yote kama nilivyoisema. Picha tulizozionyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu mnaojitolea, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo?

Kabla sijaanza, mkalimani wetu wa lugha ya alama ameniomba nisikimbize maneno. Ameniomba zaidi ya mara moja, maana ananijua. Dada, ukiona nimeanza kukimbia nipungie mkono, nitatulia.

Nina swali. Ni nani leo ametoka nyumbani kwake mpaka kwenye kiti alichokalia bila kumwomba mtu yeyote msaada? Nyoosheni mikono. Naona ni wengi. Haya, shusheni. Swali la pili: ni nani anayejua pale mlangoni pana ngazi ngapi? Mmeona? Mikono ni michache, na karibu yote ni ya watu ambao mara ya kwanza hawakunyoosha.

Sisi wengine tumepita juu ya ngazi zile tukisalimiana. Wenzetu wamezihesabu. Wamezihesabu jana, kwa simu, kabla ya kuamua kama watakuja au watabaki nyumbani. Na wapo waliohesabu wakabaki nyumbani, ndiyo maana hatuwaoni, na kwa kuwa hatuwaoni tunadhani hawapo.

Sisi tunaojitolea tuna mazoea mazuri yenye kasoro moja. Tukiona mtu amekwama, tunambeba. Tunakuwa watu wanne, mmoja kila pembe ya kiti cha magurudumu, moja, mbili, tatu, juu! Mtu kafika. Tunapiga picha, tunapeana mikono, tunaondoka roho zikiwa nyeupe. Na kesho je? Kesho yuko chini ya ngazi zile zile, anangoja watu wanne wengine. Na kama hataki kubebwa? Kama ana haya, kama ana sketi, kama mara ya mwisho walimwangusha?

Sisemi msimbebe mtu. Nyumba ikiwaka moto, beba. Ninachosema ni kwamba siku uliyombeba mtu, kazi yako ndiyo kwanza imeanza. Kazi ni kuhakikisha mwakani hakuna atakayehitaji kubebwa mahali pale. Hilo tu ndilo nililokuja kusema. Mengine yote ni kueleza linafanyikaje.

Niwapeleke Berkeley, California. Mwaka 1962 kijana aitwaye Ed Roberts alianza masomo ya chuo kikuu pale. Alikuwa ameugua polio akiwa na miaka 14, ikampooza kuanzia shingoni kwenda chini, na usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Mashine ile ilikuwa nzito kuliko sakafu za mabweni zilivyoweza kuhimili, kwa hiyo akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Baadaye wakaja wengine wenye ulemavu mkubwa kama wake, wakaishi pale pale, wakajiita Rolling Quads, yaani waliopooza mikono na miguu wanaokwenda kwa magurudumu.

Sasa fikirini. Vijana wenye akili, wana viti vya umeme, wana wasaidizi. Wanatoka nje kwenda darasani, na nini kinawasimamisha? Ukingo wa njia ya miguu. Kile kimo kidogo cha zege ambacho mimi na wewe tunakipanda huku tunaongea na simu. Kwao kilikuwa ukuta, na kila kona ya barabara ilikuwa na ukuta wake.

Hawakuomba wabebwe kila kona. Walikwenda kwenye halmashauri ya jiji. Walikwenda tena. Na Septemba 1971 halmashauri ikapitisha uamuzi kwamba mitaa na njia za miguu katika maeneo makuu ya biashara zijengwe kwa namna ambayo watu wenye ulemavu wataweza kupita.

Kuna masimulizi yanayopendwa sana kwamba vijana wale walitoka usiku wa manane na nyundo na mifuko ya saruji, wakazivunja kingo wenyewe. Yananoga, na mimi niliwahi kuyapenda. Lakini waliokuwepo wamesema yametiwa chumvi. Kilichofanya kazi kubwa kilikuwa kile kitu kisichopigiwa filamu: vikao. Kukaa kwenye vikao mpaka ajenda yako ifikiwe, saa tatu usiku, wakati kila mtu anataka kwenda kulala. Mnaojitolea hapa mnajua ninachosema.

Na hawakuwa wa kwanza kabisa. Katika mji wa Kalamazoo, Michigan, katikati ya miaka ya 1940, mwanasheria mmoja aliyekuwa askari, Jack Fisher, ambaye naye alikuwa na ulemavu, aliushawishi mji ujaribu kuweka miteremko kwenye kona za katikati ya mji. Kwa hiyo jambo lilikuwa linajulikana. Lilichokosa miaka yote hiyo ni watu wa kulisukuma.

Nani aliitumia miteremko ile ilipojengwa? Watu wa viti vya magurudumu, bila shaka. Na mama mwenye kigari cha mtoto. Na msukuma mkokoteni. Na msafiri mwenye sanduku la magurudumu, na mtoto mwenye baiskeli, na mtu mzima ambaye goti lake halitaki tena mambo ya kupanda. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyehudhuria kikao. Wenzao ndio waliohudhuria kwa niaba yao.

Ila hapa nitulie kidogo, maana kuna jambo linaniudhi. Mteremko una vipimo! Kipimo kinachotumika sana duniani ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa sentimita 180. Ngazi mbili, mita 3 na sentimita 60. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Lakini nimeona jengo lenye kimo cha sentimita 30, na mbele yake pamewekwa mteremko wa sentimita 60. Ule ni mtelezo wa uwanja wa watoto. Mwenye kiti akishuka peke yake, anatua kifudifudi. Akipanda, anarudi kinyumenyume. Na kwenye karatasi pameandikwa kwamba jengo linafikika, na mtu ametia sahihi.

Ndiyo maana nasema kila kundi la kujitolea liwe na futi kamba. Kabla ya fulana, kabla ya bango, futi kamba. Mlango uwe na upana usiopungua sentimita 80 ukiwa wazi. Pima pale mwili unapopita, usipime fremu. Mbele ya mlango na ndani ya choo, kiti kinahitaji nafasi ya kama mita moja na nusu ili kigeuke. Ukienda kwa mhandisi ukasema "hapa ni pabaya", atakusikiliza kwa adabu, basi. Ukisema "huu mteremko ni 1 kwa 2, nao unatakiwa kuwa 1 kwa 12, picha hii hapa na kipimo hiki hapa", atachukua kalamu.

Sasa twende Japani. Palikuwa na mtu anaitwa Seiichi Miyake. Rafiki yake alikuwa anapoteza uwezo wa kuona. Miyake hakuwa serikali, wala hakuwa na mradi wa wafadhili. Mwaka 1965, kwa fedha zake mwenyewe, akabuni kigae chenye vinundu ambacho mtu anaweza kukisikia kwa nyayo na kwa fimbo. Machi 18, 1967 vigae vya kwanza vikawekwa kwenye kivuko cha barabara karibu na shule ya wasioona mjini Okayama. Leo vigae vile vipo dunia nzima. Mmevikanyaga, mara nyingi ni vya njano, na pengine mlidhani ni mapambo.

Vina lugha yake. Vinundu vya duara vinasema: simama, mbele pana barabara, ngazi au ukingo. Michirizi mirefu inasema: endelea, njia ni salama. Ni maneno mawili tu, simama na endelea. Sasa, nilitembea na ndugu mmoja asiyeona kwenye njia mpya, imewekwa vigae hivyo, inang'aa. Mimi nikiwa nyuma yake najisifia mji. Akaifuata michirizi. Endelea, endelea, endelea. Fimbo yake ikagonga chuma, ti! Michirizi ilikuwa imempeleka moja kwa moja kwenye nguzo ya taa. Akaipapasa nguzo juu mpaka chini, akacheka, akasema: "Huyu fundi alikuwa na vigae. Hakuwa na mtu wa kumuuliza."

Hakuwa na mtu wa kumuuliza! Na watu wa kuuliza walikuwepo, wanaishi mtaa ule ule. Harakati za watu wenye ulemavu duniani zina kauli yao ya siku nyingi: lolote linalotuhusu lisifanyike bila sisi. Tunaipenda, tunaiandika kwenye mabango. Lakini nimewahi kualikwa kwenye kikao cha kujadili majengo yanayofikika na watu wote, na kikao chenyewe kilikuwa ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Mnacheka. Wenzetu waliobaki chini hawakucheka.

Na mkiwauliza, walipeni nauli. Mhandisi akija kutoa ushauri analipwa. Mtu asiyeona akija kutoa ushauri ambao mhandisi hana, tunampa soda na cheti cha shukrani. Kwa nini? Utaalamu ni utaalamu.

Mfano mwingine mdogo, nao unahusu sekunde. Wahandisi wengi wa barabara hupanga taa za kivuko kwa kukadiria kwamba mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara yenye upana wa mita 12 inapewa sekunde 10. Kwa kijana zinatosha na chenji inabaki. Lakini wazee wengi hawaufikii mwendo huo. Chukua bibi anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde. Sekunde ya kumi inamkuta mita ya nane. Taa imebadilika. Mbele yake zimebaki mita nne, magari yananguruma, mmoja kapiga honi. Watu wanasema bibi kachelewa. Kachelewaje, na yeye anatembea mwendo wake ule ule? Aliyepanga zile sekunde hakumhesabu.

Singapore walifanya nini? Tangu mwaka 2009 wameweka vivuko ambavyo mzee, au mtu mwenye ulemavu, anagusisha kadi yake kwenye kifaa kilicho kwenye nguzo, na taa ya kijani inaongezewa sekunde. Hawakuvunja jengo wala hawakuhamisha mtu. Na ninyi mnaweza kuanza kesho, kwa saa ya simu tu. Simameni kwenye kivuko, pimeni sekunde za taa, pimeni upana wa barabara, gawanyeni. Wakati mwingine ushahidi wote unaenea kwenye karatasi moja.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimezungumzia miguu, magurudumu na fimbo. Lakini mtaa unaweza kuwa na miteremko kila kona na bado mtu akafa ndani ya nyumba yake bila jirani kujua. Kwa hiyo niongee juu ya watu kujuana.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa mipango miji aitwaye Donald Appleyard, pamoja na wenzake, waliichunguza mitaa mitatu ya San Francisco. Mitaa ilikuwa inafanana kwa mambo mengi, ila magari. Mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili kama 8,000, wa tatu kama 16,000. Wakawauliza wakazi: hapa mtaani una marafiki wangapi? Kwenye mtaa mtulivu, wastani ulikuwa marafiki watatu, na watu zaidi ya sita wa kufahamiana. Kwenye mtaa wa magari mengi, rafiki hakufika hata mmoja kwa wastani, na wa kufahamiana walikuwa watatu tu na kidogo.

Halafu wakawapa watu ramani wachore mahali wanapopaona kuwa ni kwao. Hapa ndipo mimi husisimka. Wa mtaa mtulivu walichora mtaa mzima, upande huu na upande ule wa barabara. Wa mtaa wa magari wengi waliishia kwenye jengo lao, wengine kwenye nyumba yao tu. Watu wa jiji moja, na bado mmoja kwao ni barabara nzima na mwingine kwao ni nyuma ya mlango wake. Gari halikumpiga mtu, halikuvunja sheria. Lilipita tu, na kwa kupita likawatenganisha majirani.

Mtasema marafiki ni jambo la starehe. Haya, niwapeleke Chicago, Julai 1995. Joto lilipanda likapita nyuzi 40. Kwa muda wa wiki moja hivi walikufa watu zaidi ya 700 kuliko idadi ya kawaida ya majira yale. Wengi walikuwa wazee, na wengi waliishi peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg akalinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Pande zote mbili zilikuwa na wazee wengi maskini wanaoishi peke yao, kwa viwango vinavyokaribiana. Hali ya hewa ni ile ile, jua ni lile lile. Lakini kwa kila watu 100,000, vifo vya North Lawndale vilikuwa karibu mara 10 ya vya South Lawndale.

Kwa nini? Klinenberg alieleza kwamba South Lawndale kulikuwa na maduka, watu njiani, pilika mchana kutwa. Mzee alikuwa na mahali pa kwenda kwa miguu, na akitoka hakuogopa. North Lawndale biashara zilikuwa zimefungwa, viwanja vimebaki mapori, watu wamehama. Mzee alijifungia ndani, akafunga na madirisha yake, kwa sababu nje hapakuwa na mtu wala kitu. Joto likamkuta humo.

Kwa hiyo mnapopita nyumba kwa nyumba kuwajulia hali wazee, endeleeni, msiache. Muwe na daftari la wanaoishi peke yao, kwa ridhaa yao, na kila jina liwe na mtu wake wa kumgongea siku ya joto kali au mvua kubwa. Lakini mkitoka kwa mzee, simameni mlangoni kwake mtazame nje kwa macho yake. Yeye angetaka kwenda wapi? Kipi kinamzuia? Mara nyingi mtakuta ni kitu kama benchi. Mzee ambaye miguu inamruhusu mita 200 hawezi kufika kituo cha afya kilicho mita 400 kama katikati hapana pa kukaa. Wekeni benchi moja, lenye kiegemeo na mahali pa kushikilia akinyanyuka, chini ya kivuli. Umbali ni ule ule lakini mzee amefika. Na akikaa pale atasalimiwa, na akisalimiwa kila siku, siku asipoonekana kuna atakayeuliza.

Swali la "nani haonekani?" ndilo lililofanya kazi Vienna pia, mji mkuu wa Austria. Miaka ya 1990 waligundua kwamba wasichana wakifika miaka tisa, kumi hivi, wanaanza kupotea kwenye bustani za jiji, wakati wavulana wanabaki. Hakuna aliyewafukuza. Uwanja ulikuwa mmoja, mkubwa, umeshikwa na wenye mpira. Jiji likazipanga upya baadhi ya bustani: njia zaidi, taa, sehemu mbalimbali za kukaa na kucheza badala ya uwanja mmoja. Wasichana wakarudi. Nendeni kwenye bustani yenu Jumapili mhesabu nani hayupo. Sitaongeza hapo.

Dada ananipungia mkono. Natulia.

Sasa utetezi. Hapa ndipo wengi wetu tunaponywea. Kufagia mtaa tunaweza, kugawa vyakula tunaweza, ila kwenda kumwambia diwani "hapana" tunaona ni siasa. Na mara nyingi tunajifariji kwamba sheria ipo. Ni kweli, ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 13, 2006, na kifungu chake cha 9 kinahusu ufikiaji: majengo, barabara, usafiri, taarifa na mawasiliano. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015 yanataka kufikia 2030 kila mtu aweze kufika kwenye maeneo ya wazi ya jiji, na yanawataja wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Vitajeni kwenye barua zenu. Lakini sheria inaweza kulala. Nani huiamsha?

Marekani ilipitisha sheria mwaka 1973. Kifungu cha 504 kilisema taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu isimbague mtu kwa ulemavu wake. Maneno mazuri. Ila ili yafanye kazi zilihitajika kanuni, na kanuni zilihitaji sahihi ya waziri. Ukapita mwaka, ukapita wa pili, wa tatu, serikali ikabadilika, sahihi hakuna. Aprili 5, 1977 watu wenye ulemavu wakaandamana katika miji kadhaa. Huko San Francisco wakaingia ndani ya jengo la serikali, na ilipofika jioni, zaidi ya mia moja hawakutoka.

Mmoja wa viongozi wao alikuwa Judy Heumann. Huyu, alipokuwa mtoto wa miaka mitano, shule ilimkataa kwa sababu kiti chake cha magurudumu eti kingekuwa hatari moto ukizuka. Ndani ya jengo wamo watu wanaohitaji msaidizi kuwageuza usiku, watu wanaohitaji dawa kwa saa maalumu, wanalala sakafuni. Simu zikakatwa. Sasa mawasiliano na walio nje yatafanyikaje? Viziwi wakasogea madirishani wakazungumza kwa lugha ya alama na wenzao waliokuwa chini barabarani. Simu zilikatwa lakini mikono haikukatwa! Na chakula? Wanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi waliopigania haki zao, walikuwa wanaleta chakula cha moto, siku baada ya siku. Hawakuwa na ajenda moja na wale waliokuwa ndani. Walijua tu maana ya kuachwa nje.

Aprili 28 sahihi ikawekwa. Zaidi ya wiki tatu.

Siwaambii mkalale ofisini kwa mtu. Wengine mngependa, nawajua. Ninachotaka mkione ni aina ya watu waliohitajika. Alihitajika wa kukaa ndani, wa kupika, wa kutafsiri, wa kuongea na waandishi wa habari, wa kumgeuza mwenzake saa nane usiku. Kila mmoja wenu ana nafasi humo. Usiniambie wewe si mwanaharakati. Niambie unajua kufanya nini.

Wazazi wa Uholanzi nao, miaka ya mwanzo ya 1970, hawakuwa wanaharakati. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 nchini mwao, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wakaziba barabara kwa miili yao na meza zao, watoto wakacheza pale pale katikati. Mwaka 1976 sheria ikatambua rasmi mitaa ya makazi ambayo gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea.

Basi na sisi tuanzie wapi? Anzeni na mtaa mmoja, na kwenye mtaa huo kitu kimoja. Mkileta orodha ya kasoro 60, halmashauri itawashukuru na kuifungia kabatini. Leteni kivuko kimoja, chenye vipimo, picha, na sahihi za watu wanaokitumia. Ulizeni bajeti inapangwa mwezi gani, mfike miezi kabla, maana ahadi isiyo na fungu kwenye bajeti mtapewa tena mwakani ikiwa na tabasamu lile lile. Kikishajengwa, rudini mkapime, na mkandarasi akiwa bado hajalipwa. Hilo la mwisho lichukueni kwa uzito: kabla hajalipwa.

Wenye simu wana kazi nyingine. Tangu mwaka 2010 kuna ramani ya intaneti iitwayo Wheelmap, iliyoanzia Berlin, ambapo mtu yeyote anaweza kuweka alama ya rangi kwenye jengo kuonyesha kama mwenye kiti cha magurudumu anaingia, anaingia kwa shida, au haingii. Inajazwa na watu wa kujitolea. Mkisubiri gari, jazeni.

Na jambo moja la kuangalia. Kuna ofisi ambazo zitatupenda mno. Zitatuita kwenye kila hafla, zitatupa fulana, na mwisho wa mwaka zitafuta kazi ya mtu aliyekuwa analipwa kwa sababu "wanaojitolea wapo". Kataeni. Ukiona umefanya kazi ile ile mwaka wa tatu na hakuna aliyeiingiza kwenye bajeti, uliza kwa sauti, kwenye kikao, ili iandikwe kwenye kumbukumbu.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Jumamosi asubuhi tunatembea. Kila kundi litakuwa na mtu anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeona, na mzee mmoja, na mzazi mwenye mtoto mgongoni au kwenye kigari. Hao ndio watakaotangulia. Sisi wengine tunabeba futi kamba, chaki na daftari, na tunafunga midomo mpaka tuulizwe. Njia itachaguliwa na wao, na nauli yao imetengwa. Karatasi ya kujiandikisha iko kwenye meza ya kulia, na kwa asiyeweza kuandika au kuisoma, kijana aliyekaa pale atamwandikia jina na kumsomea kila kitu. Viziwi, mkalimani atakuwepo kuanzia mwanzo hadi mwisho, tumeshakubaliana naye.

Sasa maswali. Tuanze na wale walionyoosha mkono kwenye swali la ngazi.